Nilitumwa Chumvi

Jamani, mimi nina duka. Naomba ulishike hilo kwanza, maana ndilo linalouma. Nina duka, fremu moja, Mbagala huku ndani-ndani kwenye vumbi, na juzi-juzi chumvi iliniishia. Si ya kuuza tu. Hata ya chunguni. Mama Shufaa kabandika maharage, kanyoosha mkono kwenye kopo, kopo likalia tupu. "Baba Shufaa, mwenye duka mzima, hatuna chumvi?" Nikanyamaza. Ningesema nini?

Mtu mwenye akili angevuka barabara akanunua kwa jirani. Jirani anayo. Jirani anayo siku zote, ndiyo maana simpendi. Lakini Mangi kwenda kununua chumvi kwa Mangi mwenzake! Magharibi isingeingia kabla mtaa mzima haujajua. Na kwa taarifa yako mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, Mlima Kilimanjaro nimeuona kwenye kalenda. Ila Dar ukishafungua duka, jina ulilopewa na baba yako linafutwa, unaitwa Mangi kama Mchaga. Nimezoea. Hata mwanangu Shufaa aliwahi kuniita Mangi, tena mbele ya wageni.

Basi nikapanda daladala, nikaenda mjini, kwenye supamaketi. Nauli ya kwenda na kurudi inaizidi bei ya chumvi, usianze kunipigia hesabu, Mama Shufaa alishanipigia. Na nikwambie mapema usije ukakaa unasubiri: nilirudi na mifuko mitatu, ile ya kitambaa ambayo nayo wanakuuzia, na chumvi haimo.

Ilikuwaje? Mlangoni mlinzi kasimama wima, kanibania mguu kama askari, "Karibu boss." Mimi nimeamka saa kumi na moja kufagia mbele ya duka, naitwa boss! Nikatembea kiboss. Kiyoyozi kikanipiga kifuani, jasho la daladala likakauka hapo hapo. Mbele yangu maembe. Siyo maembe haya unayoyajua wewe. Yamepangwa mlima, yamepigwa taa ya manjano, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Nikachukua mawili. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe, mwaka huu umezaa mpaka tunawapa mbuzi wa watu.

Maembe nayaweka wapi? Kuna toroli. Ndugu yangu, lile toroli ungeweza kuogeshea mtoto. Maembe mawili mle ndani yalionekana kama watu wawili waliozamiwa na jahazi. Halafu gurudumu moja lilikuwa na ugomvi na wenzake watatu, linapiga kelele, kwiii, kwiii, watu wanageuka. Nikagundua kwamba likiwa na uzito linatulia. Nikaanza kulitupia vitu ili linyamaze. Nasema kweli, sababu ilikuwa hiyo.

Chumvi siioni. Kuuliza naona haya, nishaitwa boss, boss anaulizaje chumvi? Nikazunguka. Kila nikikata kona nakutana na jambo. Kona hii harufu ya mkate, mate yakanijaa, mikate miwili. Kona hii mishumaa ya kunukia, nikachukua mmoja, na umeme siku hiyo ulikuwepo. Kona hii kikwangulio cha jibini. Jibini kwangu haijawahi kuvuka kizingiti. Na shampuu, chupa nzuri ya bluu, ambayo mpaka nafika nyumbani ndipo Shufaa aliponisomea kuwa ni ya mbwa. Mbwa hatuna. Juu kwenye dari kuna kinanda kinalia taratiiibu, na miguu yangu, bila idhini yangu, ikawa inafuata kinanda. Saa ya ukutani hakuna. Dirisha hakuna. Nilipoingia adhuhuri haijaadhiniwa, nilipotoka watu wanatoka kuswali alasiri.

Sasa keshia. Keshia msichana mdogo, anapitisha vitu, ti, ti, ti, mimi natabasamu. Elfu themanini na saba mia nne. Mfukoni nina elfu sitini, na hizo sitini ni za mzigo wa sabuni. Nikamwambia binti kwa sauti ya chini, apunguze kidogo. Akadhani naomba punguzo la bei. "Hatupunguzi, baba." Nikamnong'oneza tena. Akabonyeza kengele. Kengele! Akaja mkubwa wake na ufunguo wa kufutia, na foleni nyuma yangu ikashusha pumzi kwa pamoja kama tairi. Kitoto kimoja kikauliza, "Mama, kwa nini babu anarudisha vitu?" Babu. Nina miaka arobaini na nane. Kwa haraka ya aibu nikawa narudisha kilicho karibu na mkono: mchele, mafuta ya kula, sukari, kornfleksi. Vilivyobaki ni mshumaa, kikwangulio, maembe, mikate na ile ya mbwa.

Maharage tulikula hivyo hivyo. Hayo tuyaache.

Jumapili akaja mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko chuo anasomea masoko. Nikadhani anasomea soko kama la Kariakoo, kumbe kuna masomo kabisa ya jinsi ya kumtoa mtu hela bila kumkaba. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakaa kwenye kreti la soda. "Mjomba, hukupotea mle ndani. Ulipangiwa njia."

Akaanza darasa. Eti zamani hata Marekani maduka yalikuwa kama langu: unasimama kaunta, unataja, muuzaji anageuka anakuletea. Mwaka 1916, mji wa Memphis, akatokea bwana mmoja, Clarence Saunders, akafungua duka linaitwa Piggly Wiggly. (Nilimwambia alirudie mara tatu hilo jina. Ndivyo linavyoitwa.) Huyo bwana akawaambia wateja waingie wachukue wenyewe. Ila ukishapita kigeti chake, njia ni moja tu, inapinda-pinda, inakupitisha kwenye kila rafu ya duka mpaka unatokea kwa keshia. Hakuna kukata kona. Akaenda serikalini akaisajili ile njia kama ubunifu wake, 1917 akapewa hati. Yaani kuna mtu alipewa hati ya kunizungusha mimi.

"Na toroli?" nikamuuliza, maana lile nalidai. Toroli ni la Sylvan Goldman, mwenye maduka huko Oklahoma, 1937. Aliona watu wakishajaza kikapu cha mkononi, kikiwa kizito wanaacha kununua, wanakwenda kulipa. Akatazama kiti cha kukunja, akakiwekea magurudumu na vikapu viwili. Wateja wakakataa. Wanaume wakaona wataonekana hawana nguvu, wanawake wakasema wamechoka kusukuma vigari vya watoto. Unajua alifanyaje? Akaajiri watu, wake kwa waume, wajifanye wateja, wawe wanasukuma toroli humo dukani siku nzima. Wengine wakaona, wakaiga. Hapo nikamkumbuka yule baba wa makamo aliyekuwa anasukuma la kwake pembeni yangu kwa raha zote. Sasa namshuku.

Mpwa hakukoma. Vitu vya lazima, maziwa, mayai, mkate, vinapelekwa mwisho kabisa wa jengo, uvipitie vingine vyote kwanza. Vya bei kali vinakaa usawa wa macho, vya bei poa viko chini kwenye vumbi, uviinamie. Hapa nikamkatiza, mimi mbona sikuchukua vya usawa wa macho, nilichukua boksi la kornfleksi lenye katuni ya simba? Akanitazama kutoka utosini hadi miguuni. "Mjomba, usawa wa macho yako ni ule waliowapangia watoto." Huyu nimemlipia ada mimi.

Hata kinanda kina kesi yake. Mtafiti mmoja, Ronald Milliman, mwaka 1982 aliandika alivyopima dukani: muziki ukiwa wa polepole watu wanatembea polepole, na mauzo yalipanda kwa asilimia 38 kuliko ulipopigwa wa haraka. Na ile hali ya kuingia unajua unachotaka, halafu ukasimama katikati hujui hata umefuata nini, ina jina la mtu. Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna. Ndiye aliyechora Southdale kule Minnesota, jumba la maduka lililofunikwa lote, na kiyoyozi, lilifunguliwa 1956. Wenyewe wanaiita athari ya Gruen. Mimi nilikuwa naiita uzee. Na mzee Gruen mwenyewe mwishoni aliyaruka majumba yote ya namna ile, akasema ni wanaharamu na yeye hatoi matunzo. Huyo tu ndiye niliyemwelewa moja kwa moja, kule kwetu Kisarawe kesi za hivyo ni nyingi.

Mtu mwingine angesikia yote hayo akasema, ala, kumbe, nisirudi tena kule. Mimi nikasema: ala, kumbe, nikifanya hivi kwangu nitakuwa tajiri.

Jumatatu nikamwita fundi wa kuchomelea. Duka langu lilikuwa na wavu wa nondo mbele, na kidirisha cha kupitishia mkono, kama yote. Nikamwambia ng'oa. Akauliza mara mbili. Ng'oa! Elfu thelathini. Wateja waingie wazunguke. Sasa fremu yangu kwa ndani ni hatua tano urefu, na upana ni mtu mmoja na nusu. Na wateja wangu wa kudumu wengi wao ndiyo hao mmoja na nusu. Mpwa akaonya, kuna Mmarekani anaitwa Paco Underhill ametumia miaka kuangalia watu wanavyonunua, akaandika na kitabu, 1999, anasema mwanamke akiwa anachagua kitu halafu akapigwa kikumbo kwa nyuma, anaacha anaondoka. Nikamwambia hao wa Marekani. Siku ya kwanza Mama Salma na Bi Mkubwa wa nyumba ya kijani wakakutana mle ndani kati ya sabuni na mafuta ya taa. Hakuna anayeweza kupita, hakuna anayeweza kugeuka. Ilibidi watoke kinyumenyume kama magari, mimi naelekeza.

Huyo huyo Underhill anasema mtu akivuka tu mlango haoni kitu, macho bado yanazoea, kwa hiyo pale mlangoni paachwe wazi. Nikapaacha wazi. Nikatoa magunia ya mkaa, nikatoa benchi, nikafagia, nikamwagia maji. Pakapendeza. Nikaweka sabufa, nikapiga taarabu za zamani, zile za polepole. Saa nne wazee wa kijiwe wakaona: kivuli, pasafi, taarabu. Wakahamia. Wakaleta drafti lao na vizibo vya soda, wakaleta na kahawa yao. Muziki ulifanya kazi kama Milliman alivyosema, watu hawakuwa na haraka hata kidogo. Walikaa mpaka isha. Walichonunua ni sigara moja, na moto wakaomba.

Nikaweka bei za kisomi. Elfu moja ikawa mia tisa na tisini, mpwa anasema jicho la mteja linakamata tarakimu ya kwanza, ya mwisho linaipuuza. Labda jicho la huko. Bi Mkubwa kanunua mafuta ya kupaka, katoa buku, kasimama.

"Mangi, chenji yangu."

"Ipi, mama?"

"Shilingi kumi yangu."

Wewe mara ya mwisho kuishika shilingi kumi ni lini? Nikampa kiberiti, akasema kiberiti anacho. Nikampa pipi, akasema ana sukari. "Basi niandikie." Pale juu ya kichwa changu kuna kibao, MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI, na chini ya kibao hicho nikafungua daftari nikaandika kwamba mimi ndiye ninayedaiwa. Kumi. Kesho yake wakaja wengine, wamesikia. Kumi, kumi, ishirini. Kufika Ijumaa nusu ya mtaa wananidai dukani kwangu. Miaka kumi na mmoja ya biashara, haijawahi kutokea mtu apite mbele ya duka langu kifua mbele namna ile.

Pipi nazo. Mpwa alisema pipi ziwekwe karibu na pa kulipia, chini, usawa wa watoto, mtoto alie, mzazi alipe. Mbinu yenyewe kali mpaka England kuanzia Oktoba 2022 sheria imeyakataza maduka makubwa kuweka vitu vya sukari nyingi mlangoni na kwa keshia. Mimi nikaona kama wamekataza basi ni dawa. Nikashusha chupa la ubuyu, pipi, na chips za mihogo, usawa wa goti. Saa tisa na nusu madrasa ikatoka. Wakaingia kama ishirini, kanzu na mabaibui. Sasa tazama hila ya watoto wa dini. Wa kwanza ananiangalia usoni kwa adabu: "Shikamoo Mangi." Naitikia marahaba, nainua kichwa, maana salamu haiitikiwi huku unatazama magoti. Wa pili, "Shikamoo Mangi." Marahaba mwanangu. Wa tatu. Wa nne. Ishirini nzima, mmoja mmoja, sijawahi kuheshimiwa vile. Nilipomaliza kuitikia, chupa la ubuyu lilikuwa na kifuniko tu. Halafu jioni mama zao wakaja. Kulipa? Kunigombeza! Mangi unawaharibia watoto, midomo yote myekundu, unaweka vitu chini vya nini? Nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kuibiwa.

Toroli sikuweza, nikanunua vikapu vya mkononi sita, vyekundu, mkono mweusi, vizuri sana. Mteja akija namkabidhi. Akija wa kiberiti namkabidhi. Wakashukuru, wakaweka kiberiti ndani ya kikapu, wakaenda nacho nyumbani. Walidhani ofa. Kimoja nimekiona kwa macho yangu genge la pili kimejaa nyanya, kingine kuku kalalia.

Lakini kubwa ni sukari na unga. Hivyo ndivyo vitu vya lazima, nikavipeleka nyuma kabisa, hatua ya tano, ili mteja apite kwenye biskuti, karanga, soda, sabuni ya kunukia, ashawishike. Wateja wangu hawakuingia. Walisimama pale pale wanaposimama siku zote, nje, pamoja na kwamba wavu haupo, wakaita: "Mangi, sukari robo!" Sasa nani anakwenda nyuma? Ni mimi. Hatua tano kwenda, tano kurudi, mara sitini kwa siku, katikati ya biskuti na karanga, taarabu inalia taratibu. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Biskuti moja. Karanga kidogo. Soda ya baridi, ah, joto. Jumamosi usiku Mama Shufaa kapiga hesabu ya mzigo kwa kibatari cha simu. Boksi zima la biskuti limekwisha, na kwenye droo hela ya biskuti hamna.

Mpwa nikampigia. Akafikiri sana. "Mjomba, mpangilio uko sawa kabisa. Ila umemnasa mteja mmoja tu, na huyo halipi."

Jirani ng'ambo, kama unataka kujua, hana sabufa. Ana wavu wenye kutu, kidirisha, balbu moja, na bei zake hajaziandika popote. Watu wanakwenda kwake wanataja, anapima, wanaondoka. Nimemchungulia wiki nzima nione mbinu yake ni ipi. Nilichokiona ni kwamba chumvi anayo.

Fundi amerudi kauchomelea wavu wangu. Kuung'oa elfu thelathini, kuurudisha elfu hamsini, eti kuunganisha ni kazi kuliko kutenganisha. Wazee wa drafti wamegoma kuhama, wanasema wameshazoea. Mama Shufaa anautumia ule mshumaa kufukuzia mbu, haufukuzi. Shampuu ya mbwa nimeiweka rafu ya juu kabisa, elfu sita, kama una mbwa tuongee.

Na wewe unayesoma, kama kwako kuna kikapu chekundu chenye mkono mweusi, nirudishie, sitakuuliza kilifikaje. Vimebaki viwili. Chumvi imeshaingia, jero pakti. Ila usiingie ndani. Simama hapo hapo dirishani, taja.